Kiporo cha Mashine

Pete ilirudi karakanani ndani ya kikopo cha plastiki, imelazwa juu ya pamba, inang'aa kama siku ilipotoka. Mtu aliyekuwa akiitumia moyoni mwake alizikwa Jumapili huko Kiwira, na matanga yalikuwa hayajavunjwa.

Mhandisi Hadija Semboja, binti wa Kisambaa aliyetumwa na Taasisi ya Unga ya Dodoma, aliitoa kwa kibano, akaifunga kwenye maikromita na kuisogeza mbele ya Subilaga Mwaijande.

"Soma wewe, mama. Nisije nikaambiwa nimesoma vibaya."

Subilaga akavaa miwani. Milimita ishirini na nne nukta sita. Akaivua, akaifuta kwa ncha ya kitenge chake, akaivaa tena. Ishirini na nne nukta sita ilikuwa palepale.

"Ilitoka hapa na ngapi?" Semboja aliuliza, ingawa jibu lilikuwa limechongwa ubavuni mwa pete.

"Ishirini na saba."

"Basi imesinyaa ndani ya kifua cha mtu. Alishikwa na malaria. Joto lilipofika arobaini, pete ikaanza kujikaza. Siku ya tatu damu haikuwa na pa kupita."

Mvua ya Tukuyu, ambayo haijui Jumatatu wala Jumapili, ilikuwa ikipiga bati. Upande wa pili wa dirisha mashine za kuchumia chai zilitambaa mlimani bila mtu, zikikata majani na kuyatupia mgongoni. Subilaga alizitazama ili asiitazame pete. Miaka thelathini iliyopita alianza kazi humu ndani akishindilia unga wa chuma kuwa bushi, zile pete za kushikia ekseli za mashine za namna hiyo, na bushi ikiharibika mashine husimama tu. Hakuna anayepigiwa kengele ya kanisa kwa ajili ya bushi.

Hebu tuuseme ukweli wa unga huu, maana magazeti yaliusifu mpaka yakapitiliza. Unga wa kumbukumbu ni mweupe, mlaini kuliko sembe ya daraja la kwanza. Unaumimina kwenye kalibu, unaushindilia kwa uzito wa malori mawili, na chembe zake zinashikana huku zikijifunza umbo. Pete mbichi inayotoka kwenye kalibu ni dhaifu kama biskuti; ukiipigia chafya imekwisha. Inaingia tanurini kwa saa tano, inatoka jiwe. Daktari anaishona kwenye kilango cha moyo, na tangu siku hiyo ikipata ufa, joto la mwili linaziamsha chembe, nazo zinarudi kwenye umbo zililofundishwa na ufa unafumba wenyewe. Vilango vya zamani vilichakaa baada ya miaka kumi. Hivi vilikuwa vya maisha.

Sharti lilikuwa moja. Chembe ikishafundishwa umbo haifundishiki tena mpaka ichomwe siku tatu kwenye jiko la kufuta. Kwa hiyo kila unga ulioonja kalibu, hata zile chenga zinazopukutika ukingoni mwa pete mbichi ukiisafisha kwa brashi, lazima uingie ndoo ya bluu. Liliandikwa ukutani kwa herufi kubwa, na Subilaga alilipita kila siku kama mtu anavyopita picha ya harusi yake.

"Hii ni ya tatu kurudi," Semboja aliendelea. "Zote tatu zimepikwa baada ya siku ya ishirini na tano. Na siku hiyo, nimeona kwenye daftari, ndiyo mzee Gwakisa alibadilisha kipimajoto cha tanuru. Nadhani kipimajoto kinadanganya. Pete zinatoka hazijaiva vizuri." Akaandika kitu. "Tutaziita zote za kuanzia siku hiyo. Watu mia na ishirini."

"Kuziita ndiyo kufanyaje?"

"Kuwafungua vifua na kuwabadilishia. Najua, mama. Kati ya kila ishirini wanaofunguliwa mara ya pili, mmoja haamki. Lakini nikiwaacha, msimu wa homa ndio huu."

Subilaga akaitazama namba ubavuni mwa pete. 27-31-1. Saizi ishirini na saba, siku ya thelathini na moja ya kushindilia, pete ya kwanza ya siku. Kidole chake kikatua kwenye ile moja ya mwisho.

"Hizo mbili nyingine," alisema, "unazikumbuka namba zake?"

Semboja akafungua kishikwambi. "Ishirini na saba, ishirini na sita, moja. Ishirini na tano, thelathini na nne, moja." Akainua macho. "Kwa nini?"

"Nilitaka kujua tu."

Semboja akachukua kikopo chake, akaenda kumtafuta Gwakisa Mwambene tanurini. Subilaga akabaki na mashine.

Ilikuwa mashine fupi, nene, yenye faneli kubwa ya chuma juu yake, mahali pa kumiminia unga. Alipanda ngazi mbili, akachungulia ndani. Chini kabisa, kwenye koo la faneli, kulikuwa na unga kiasi cha konzi moja. Alijua upo. Ni yeye aliyeuweka Alhamisi iliyopita, kabla kazi haijasimamishwa.

Watu wa karakana waliuita kiporo. Zamani za bushi, alfajiri ya Tukuyu ilikuta faneli tupu imetoka jasho, na unga wa kwanza uliomiminwa ukaganda mabonge, ukaziba koo, na nusu ya asubuhi ikaishia kupiga faneli kwa nyundo ya mpira. Ndipo Subilaga, akiwa msichana bado, akagundua kwamba ukikusanya chenga za mezani jioni ukazitia kooni, zinakunywa ule unyevu, na asubuhi mashine inaanza kwa raha. Mashine hailali na njaa, walisema wakicheka. Ikawa desturi. Kila aliyejifunza kazi kwake alijifunza na hiyo. Hata wimbo waliutunga. Unga wa kumbukumbu ulipoletwa, wataalamu wa Dodoma walifundisha wiki mbili nzima kwa pete za majaribio: glavu, barakoa, ndoo ya bluu. Subilaga alitia chenga zote ndoo ya bluu kama alivyoagizwa. Zote, isipokuwa konzi moja. Hakuna aliyeuliza kuhusu jinsi faneli inavyolala, na yeye hakusema, kwa sababu hakuna mtu anayetoa taarifa kwamba amefunika chungu.

Konzi moja inatosha pete moja na kidogo. Pete ya kwanza ya kila siku ilikuwa ni kiporo kitupu.

Na kiporo kilikuwa na kumbukumbu ya jana yake. Jana ikiwa ya pete kubwa, pengine haitasinyaa, ingawa hakuna wa kuliapia hilo. Jana ikiwa ya pete za watoto, saizi kumi na tisa, basi pete ya kwanza ya kesho, hata uichonge ishirini na saba mara saba, ndani yake inajijua ni ya mtoto. Inasubiri joto tu.

Subilaga akashuka ngazi. Alikuwa anahesabu, si pete za wengine, bali moja tu: 27-12-1. Aliikumbuka kama jina la mwanawe. Siku ya kumi na moja walishindilia za watoto kuanzia mchana mpaka jioni, na wakaimba. Asubuhi yake alimwomba msimamizi kibali cha upendeleo, akapewa. Aliomba kwamba pete ya mumewe iwe ya kwanza, mashine ikiwa bado mbichi, mkono wake ukiwa bado haujachoka. Ya kwanza ni ya mpenzi, ndivyo alivyosema, na wenzake wakampigia vigelegele.

Sasa mumewe, Ambakisye, alikuwa anatembea nayo.

*

Alimkuta kwenye parachichi, ndani ya mvua, bila kofia.

"Baba Lugano! Wewe mtu una akili kweli?"

"Mwee! Mchana huu umetoka wapi?" Ambakisye alisimama kati ya miti yake, kikapu begani, mwanamume mrefu mwenye mvi za kidevuni tu. "Umefukuzwa kazi?"

"Ingia ndani. Umelowa."

"Mvua hii? Hii si manyunyu tu?" Kisha akapiga chafya.

Subilaga alimkamata mkono kabla chafya haijaisha, akakigeuza kifundo na kusoma kibandiko kilichokuwa kikipima mapigo na joto lake. Thelathini na sita nukta tisa. Akakisugua kwa kidole, asije akawa amesoma maji. Thelathini na sita nukta tisa.

"Umeanza tena," Ambakisye alisema, akicheka. "Wiki ya kwanza baada ya kupasuliwa ulikuwa hivihivi. Nikijikuna, unasoma kibandiko."

Walikula ndizi na maharage yaliyobaki asubuhi. Yeye alikula, Subilaga alizisukuma ndizi upande huu wa sahani, akazirudisha upande ule. Aliinuka kufunga dirisha lililokuwa limefungwa. Akakaa. Akainuka kutafuta chumvi, akairudisha bila kuitumia.

"Sema," Ambakisye akasema.

"Kuna mtu kafa Kiwira. Pete ilisinyaa."

Kijiko chake kilisimama. "Ya hapo kwenu?"

"Ya hapo kwetu. Wanamshuku Gwakisa na tanuru lake. Wanasema ni za karibuni, kuanzia siku ya ishirini na tano. Wataita watu mia na ishirini."

"Mimi ni wa siku ya ngapi?"

"Ya kumi na mbili."

Ambakisye alishusha pumzi ndefu, na Subilaga akaona jinsi mabega ya mumewe yalivyoteremka kwa nafuu. Akauchukia moyo wake mwenyewe, maana na wake ulitamani kuteremka.

"Nawaonea huruma hao mia na ishirini," Ambakisye alisema. "Mimi bora nife kuliko kurudi pale, Mama Lugano, nakwambia kweli. Unaamka, unasikia mifupa yako imefungwa kwa waya. Daktari mwenyewe alisema, kwa moyo wangu huu uliochoka, nikirudi mara ya pili ni nusu kwa nusu. Nusu kwa nusu si matibabu, ni kamari." Akavuta sahani ya mkewe, kwa kuwa ilikuwa haijaguswa. "Halafu Gwakisa? Gwakisa yule anayepima joto la chai yake kabla ya kunywa? Hapana. Hawamjui."

Subilaga aliosha vyombo ambavyo vingengoja. Kichwani mwake mambo yalikuwa yamejipanga waziwazi, na uwazi wenyewe ndio uliomtesa. Akinyamaza, watu mia na ishirini watapasuliwa, na katika hao mia na tano hawana ubaya wowote. Watano au sita wataenda na maji. Gwakisa ataondoka na doa ambalo si lake. Na wengine ishirini na nne, wenye pete za kwanza za siku za mwanzo, watabaki vijijini kwao wakiamini wamepona, wakingoja mbu mmoja tu. Mumewe akiwa mmoja wao. Lakini mumewe angebaki mzima, anakula ndizi, mpaka atakapopata homa. Na pengine asiipate. Kuna watu hawajui malaria ni nini. Angemfungia ndani ya chandarua, angemvika kofia, angemnywesha mwarobaini kila asubuhi mpaka azeeke.

Akisema, watapasuliwa thelathini na tisa tu. Mmoja wao atakuwa huyu, nusu kwa nusu.

Nyuma yake Ambakisye akapiga chafya ya pili. Sahani ikamponyoka Subilaga, ikavunjika vipande vitatu.

"Acha, nitaokota," alisema mumewe.

"Hapana, kaa. Kaa hapohapo." Akaokota mwenyewe, akajikata kidole, akakitia mdomoni. Kisha akavaa viatu vyake vya mvua na kutoka bila kuaga. Hakuwahi kutoka bila kuaga tangu waoane.

*

Gwakisa alikuwa amekaa nje ya chumba cha tanuru kwenye kreti la soda, kofia yake ya kazi ikiwa magotini. Ndani, vijana wawili wa Semboja walikuwa wakikifungua kipimajoto.

"Wameniambia niende nyumbani nikasubiri barua," alimwambia Subilaga bila kuinua macho. "Nimewaambia nitasubiri hapa. Nyumbani nitamwambia nini mama watoto? Kwamba nimeua mtu kwa kutoivisha?" Akaigeuza kofia. "Nimepima leo mara tatu. Kipimajoto kiko sawa, Subi. Lakini mtu amekufa, na mimi ndiye niliyepika. Basi labda sijui kitu."

Hilo la mwisho ndilo lililommaliza. Angelaani, angetukana Dodoma nzima, Subilaga angeweza kupita akaenda zake. Lakini mzee wa watu alikuwa ameanza kulikubali kosa.

"Inuka," akamwambia. "Njoo na wewe usikie, nisiseme mara mbili. Mara mbili sitaweza."

Semboja alikuwa kwenye meza ya kushindilia, akihesabu orodha ya majina. Subilaga hakumwelezea. Alijua akianza kueleza ataanza na utetezi, na utetezi ungemalizikia kwenye uongo. Alipanda ngazi mbili za mashine, akaingiza mkono kwenye faneli mpaka begani, akautoa na konzi ya unga mweupe, akaifungua juu ya karatasi za mhandisi.

"Huu ni nini?" Semboja akauliza.

"Chenga za Alhamisi."

Semboja alitazama unga, akatazama ndoo ya bluu, akatazama faneli. Alikuwa mwepesi wa kuelewa. Rangi ilimtoka usoni hatua kwa hatua.

"Zimefikaje humo?"

"Nazitia mimi. Kila siku tukimaliza. Faneli inatoa jasho asubuhi, mwanangu, nyie Dodoma kwenu kukavu, hamjui. Ni desturi ya tangu bushi. Sikujua..." Akajizuia. "Nilijua ndoo ya bluu ni ya nini. Nilijua kila neno. Sikuunganisha tu. Niliona ile ni kiporo, na hizi ni chenga. Kama vile si kitu kimoja."

Gwakisa, mlangoni, alisema polepole, "Ya kwanza ya siku."

"Ya kwanza ya siku," Subilaga akarudia. "Siku arobaini na mbili, pete arobaini na mbili; toa tatu zilizorudi, zimebaki thelathini na tisa. Hao mia na tano wengine uliowaandika, waache walale. Wafute. Na Gwakisa mwache avae kofia yake."

Semboja alibandika chembe chache kwenye kioo, akazitia kwenye kipashio na kupandisha joto hadi nyuzi arobaini, jicho kwenye darubini. Walisubiri. Mvua ilipungua, ikazidi. Subilaga alihesabu vidole vyake. Hatimaye Semboja akajiondoa kwenye darubini, akamwachia nafasi, na Subilaga akachungulia. Zile chembe zilikuwa zikijivuta, zikijikunja pamoja taratibu, upinde mdogo, mdogo mno. Upinde wa saizi kumi na tisa.

"Thelathini na tisa," Semboja alisema. "Asubuhi nilikuwa naenda kuwafungua mia na ishirini, mama. Na hawa wengine ningewaacha." Akavuta orodha mpya. "Unajua kwamba baada ya hapa hutaigusa tena mashine. Na kutakuwa na mahakama."

"Najua."

"Lakini pete mpya thelathini na tisa lazima zitoke wiki hii, na Taasisi nzima haina mtu mwenye mkono wako. Nimeshauliza." Akaonekana kama mtu anayemeza dawa chungu. "Kwa hiyo utazishindilia wewe, nikiwa nimesimama hapa. Namba za kwanza za siku nitajie. Nianze na zile ambazo jana yake ilikuwa ya watoto."

Alikuwa anazo kichwani zote. Angeweza kuanza na 27-31-1, yule aliyekwisha kuzikwa, kisha zilizo mbali, akaificha ile moja katikati ya umati.

"Ishirini na saba, kumi na mbili, moja," alisema.

"Jina?"

"Ambakisye Mwaijande. Ni mume wangu."

Kalamu ya Semboja ilisita juu ya karatasi. Kisha ikaandika.

*

Kumwambia Ambakisye alikwenda mwenyewe, ingawa Semboja alijitolea kupiga simu. Alimkuta barazani, amevaa kofia sasa, akichagua parachichi za kupeleka mnadani. Alimweleza akiwa amesimama, kwa maneno machache, na hakujisafisha. Alipofika kwenye ile asubuhi ya siku ya kumi na mbili, pale alipoomba iwe ya kwanza, ikabidi aanze upya.

Ambakisye aliweka parachichi chini. Akaiokota. Akaiweka tena.

"Mchana ulipokuja ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukanitazama nikisema bora nife."

"Nilikutazama."

"Ungenyamaza," alisema, na sasa sauti yake ilipanda, sauti ambayo Subilaga alikuwa hajaisikia tangu siku ya msiba wa mama yake. "Ungeninyamazia! Nani angejua? Ungenifungia ndani, ungenifanya mfungwa, ningekulalamikia mpaka tuzeeke! Umenitoa, Mama Lugano. Umekwenda pale ukanitaja wa kwanza!"

"Nimekutoa," Subilaga alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nikikunyamazia wewe, nawanyamazia wote. Sikuweza kupata namna ya kukunyamazia peke yako. Nimeitafuta njia nzima, nakuapia. Sikuipata."

Ambakisye aliulaza mkono kifuani juu ya kovu, kama kawaida yake alipokuwa akifikiri. Mkewe akasimama mvuani, hakuthubutu kupanda barazani kwake mwenyewe.

"Wangapi?" akauliza mwishoni.

"Thelathini na wanane. Na wewe."

"Kuna watoto?"

"Hakuna. Za watoto hazikuwahi kuwa za kwanza. Tuliziweka mchana, mashine ikishapata moto."

Akatikisa kichwa. Akavua kofia, akaikung'uta maji, akaivaa. "Nani atashindilia hiyo mpya?"

"Mimi. Lakini ukitaka mtu mwingine, Semboja anaweza kutafuta..."

"Sitaki mtu mwingine," Ambakisye alisema kwa hasira ileile. "Hasira zangu ni zangu, nitakuwa nazo mpaka nizimalize. Ila sitaki mtu mwingine. Nenda kazini."

*

Faneli ilifunguliwa, ikaoshwa, ikakaushwa kwa hewa ya moto, na bado, ilipokaa nusu saa tu katika baridi ile, ikaanza kutoa jasho. Subilaga alivua kitenge chake cha juu, akaingiza mkono, akaifuta kuta zote mpaka kooni. Unga mpya usiowahi kuonja kalibu ulimiminwa. Uliganda bonge, kama alivyojua utaganda. Akapiga faneli kwa nyundo ya mpira, kwa sauti ambayo ilikuwa haijasikika humo ndani kwa miaka mingi, na wenzake wote wakaacha kazi zao wakamtazama bila kuimba.

Alimimina kalibu ya saizi ishirini na saba. Akashusha mtaimbo wa mashine. Akasikia ule mguno wa unga ukikubali. Akainua, akaitoa pete mbichi juu ya kiganja, akaisafisha ukingo kwa brashi, na chenga zikabaki mezani kifungu kidogo cheupe. Mkono wake wa kushoto ukazikusanya wenyewe. Ukafunga ngumi. Ukaanza kupanda kuelekea kwenye faneli, na Semboja, aliyekuwa amesimama hatua mbili, akafungua mdomo, lakini Subilaga alikuwa ameshauona. Aliushusha. Akatembea hadi kwenye ndoo ya bluu na kufungua ngumi. Nyingine zilikataa kutoka, zikamng'ang'ania kwenye mistari ya kiganja kilicholowa jasho, akalazimika kuzikung'uta na kujisugua ukingoni mwa ndoo mpaka ngozi ikauma.

Kisha akarudi, akaichukua ile pete nzuri isiyo na doa, akaifinya kati ya vidole, ikavunjika kama biskuti. Akaitia nayo kwenye ndoo.

Gwakisa alikuwa tayari mlangoni mwa tanuru, kofia kichwani, trei ya kauri mbele yake. Alingoja muda mrefu. Alisikia mashine ikiguna, ikinyamaza, kisha sauti ndogo ya kitu kikivunjika. Ikaguna tena, kikavunjika tena. Na mara ya tatu vilevile. Mwisho Subilaga akaja, akitembea kwa hatua fupi za mtu aliyebeba yai, viganja viwili vimeunganishwa, na ndani yake pete mbichi nyeupe.

"Pokea taratibu," alimwambia.

Gwakisa aliunganisha viganja vyake chini ya vya Subilaga, akaiacha iteleze. Aliitazama kwenye mwanga, ukingo kwa ukingo. Asubuhi ya siku hiyohiyo mwanamke huyu alikuwa amempita kwenye korido, siri akiwa nayo, bila kumwambia neno, naye alikuwa analijua hilo, na Subilaga alijua kwamba analijua.

"Ya shemeji?" akauliza.

"Ya Baba Lugano."

Aliilaza kwenye trei. Hakuisukuma ndani bado. Mkono ulikuwa kwenye mpini wa mlango, na uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa na uangalifu tu, ule wa mtu anayepima chai yake kabla ya kunywa.

"Ya ngapi leo?"

"Ya nne," Subilaga alisema. "Tatu za kwanza nimezivunja."

Gwakisa akaisukuma trei ndani, akafunga mlango wa tanuru, akasoma kipimajoto. Halafu akavuta lile kreti la soda, akalifuta kwa kiwiko, na kumwekea Subilaga akae, kwa kuwa zilikuwa saa tano za kungoja na mikono yake ilikuwa haina pa kwenda.